Kariakoo: Nyumba Yako, Kiwanja si Chako

Mwenye duka wa Lufingo, wilayani Rungwe, anapowaaga watu wake kwamba anakwenda Dar es Salaam kufunga mzigo, hana haja ya kutaja mtaa. Kila mtu anajua ni Kariakoo. Atasafiri kilomita zinazokaribia 900, apite Mbeya, Iringa na Morogoro, azunguke madukani siku moja au mbili, kisha arudi Tukuyu na vitenge, viatu na vyombo. Anachokiona huko ni maghorofa na umati wa watu. Ni wachache wanaouliza mtaa ule ulikuwaje kabla ya maghorofa, nani alimiliki nini pale, na kwa hukumu gani. Hayo ndiyo tunayokusudia kuyaeleza, kwani maswali mengi ya mirathi, wakfu na ujirani yanayoulizwa leo juu ya nyumba za Kariakoo hayajibiki mpaka ijulikane historia ya kiwanja chenyewe.

Tuanze na jina, nalo linawahusu watu wa Rungwe kuliko wanavyodhani. Mwezi wa Mei 1916 jeshi la Jenerali Northey lilivuka kutoka Nyasaland na kuuteka mji wa Tukuyu, ambao Wajerumani waliuita Neu Langenburg. Jeshi lile, kama majeshi yote ya vita vile katika Afrika ya Mashariki, lilikula na kupiga risasi kwa mizigo iliyobebwa vichwani mwa watu. Wapagazi walichukuliwa Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na humu humu nchini, na huko Nyasaland kazi yao ikaitwa tengatenga. Upande wa kaskazini na pwani wapagazi wa Waingereza waliitwa Carrier Corps. Hesabu rasmi ya waliokufa, wengi wao kwa maradhi na njaa na si kwa risasi, ilizidi 40,000, na wanahistoria wengi wanaona idadi ya kweli inakaribia 100,000. Waingereza walipoingia Dar es Salaam Septemba 1916, wapagazi hao walipigishwa kambi nyuma ya mji, na vinywa vya watu vikalifanya jina la kikosi kuwa Kariakoo. Nairobi nayo ina Kariokor yake, kwa sababu ile ile.

Msomaji akipita leo Mtaa wa Narung'ombe, wa Tandamti na wa Mahiwa, ajue kwamba majina hayo matatu ni ya mahali palipopiganwa vita mwaka 1917 huko kusini, nyuma ya Kilwa na Lindi. Watu wanafanya biashara ya mapazia na simu juu ya majina ya medani za vita, wala hakuna kibao kinachowaambia.

Kabla ya vita eneo hilo lilikuwa shamba la minazi la Mjerumani aitwaye Schoeller. Watu walijenga vibanda humo na kumlipa kodi ya kiwanja, mpaka Serikali ya Kijerumani ilipolinunua shamba hilo muda mfupi kabla ya vita, ikakusudia kuwakusanya Waafrika wa mji mahali pamoja. Ilianza pia kujenga ukumbi mkubwa wa soko, vita vikaukuta. Waingereza waliimaliza kazi ile ile. Kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, hawakuweza kuandika waziwazi kwamba huyu akae hapa kwa rangi yake na yule kule. Wakaandika masharti ya majengo badala yake: sehemu ya kwanza nyumba za namna ya Kizungu, ya pili nyumba za maduka ya mawe, na ya tatu nyumba za kienyeji. Matokeo yakawa yale yale. Kati ya sehemu ya pili na ya tatu wakaacha uwanja wazi, nao ndio Mnazi Mmoja. Soko likafunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, mitaa ikapimwa kwa mistari iliyonyooka, na viwanja vikagawiwa.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo mtaa mzima umesimama juu yake. Mwaka 1923 sheria ya ardhi ilitangaza kuwa ardhi yote ya Tanganyika iko chini ya mamlaka ya Serikali. Basi aliyepewa kiwanja Kariakoo hakuuziwa ardhi. Aliruhusiwa kujenga na akawa analipa kodi ya kiwanja. Miti, udongo, makuti, na baadaye mabati na saruji, vilikuwa milki yake, naye aliweza kuuza, kurithisha na kupangisha. Lakini udongo uliokuwa chini ya msingi haukuwa wake. Kwa lugha ya wanazuoni, alimiliki jengo na akawa na manufaa ya ardhi, bila ya kumiliki shingo ya ardhi, yaani raqaba. Hali hii si ngeni katika fiqhi. Miji mikubwa ya Waislamu ilikuwa na majengo tele juu ya ardhi ya watu wengine au ya wakfu, yakilipiwa kodi iliyoitwa hikri.

Utaratibu huo ulikuwa na udhalimu ndani yake, kwani mwenye nyumba hakuwa na uhakika wa kesho na hakuna benki iliyokubali kumkopesha. Lakini ulikuwa pia na upande mwingine ambao wengi wanausahau. Kwa kuwa kiwanja hakikununuliwa, mtu wa kipato kidogo aliweza kuwa mwenye nyumba mjini. Karani, fundi seremala, baharia aliyeacha bahari, mwanamke muuza vitumbua: wote hao walijenga kidogo kidogo. Nyumba yenyewe inajulikana, ile ya vyumba sita. Ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, ua nyuma wenye jiko na choo, na baraza mbele. Mwenyewe anakaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki anapangisha. Wanawake waliokuwa na nyumba zao Kariakoo walikuwa wengi, na kwa mjane au aliyeachwa, kodi ya vyumba vinne ilikuwa ni heshima kamili: hakuwa na haja ya kumpigia magoti mume wala kaka.

Kwa njia hiyo Kariakoo ikawa mtaa wa watu wenye jina. Wamanyema waliotoka magharibi ya Ziwa Tanganyika na misafara, Wazaramo wenye nchi, Wanyamwezi, Wanubi na Wazulu waliokuja na majeshi ya Wajerumani pamoja na watoto wao, watu wa Kilwa, Mafia, Pemba na Ngazija, wote walikutana barazani. Misikiti ilisimama, Msikiti wa Manyema na Msikiti wa Mtoro ikiwa miongoni mwa inayotajwa sana, na darsa zikasomwa baina ya Magharibi na Isha. African Association iliundwa mwaka 1929, na Kleist Sykes, mtoto wa askari Mzulu wa jeshi la Wissmann, akawa katibu wake. Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika iliundwa mwaka 1933 na ikafungua shule. Gazeti la Kwetu la Erica Fiah lilianza mwaka 1937. Klabu mbili za mpira ambazo nchi nzima imegawanyika kwazo hadi leo zilianza katika mitaa hii miaka ya 1930. Vijana walivaa suti za kushonesha na tarbushi, vikundi vya taarabu vya Al-Watan na Egyptian vikashindana, na wanawake wakawa na vyama vyao vya lelemama, ambavyo masheikh wengine walivikemea na wengine wakavinyamazia. Tarehe 7 Julai 1954, katika jengo la chama Mtaa wa New, ambao sasa ni Mtaa wa Lumumba, TANU ilizaliwa. Na Bibi Titi Mohamed alipotakiwa kuwakusanya wanawake, alikwenda kwanza kwa wanawake wa lelemama, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kikundi cha Bomba.

Tusidhani kwamba mvutano wa kuutaka mtaa huu ni jambo la karne hii. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mji ulijaa, nyumba zikawa haba, na wafanyabiashara wa Kihindi waliobanwa upande wao wakaanza kununua nyumba Kariakoo, wakizibomoa na kujenga maduka ya mawe. Waafrika wakalalamika kwamba wanasukumwa nje ya mtaa waliotengewa. Wengi walihamia Ilala, na katika miaka ya 1950 Magomeni na Temeke. Wengine waliuza kwa hiari na kufurahi. Katika sensa ya 1957 mji wote ulikuwa na watu 128,742. Sensa ya 2022 imehesabu katika mkoa wa Dar es Salaam watu zaidi ya milioni 5.3, na kitovu cha biashara yao kimebaki pale pale kwenye viwanja vilivyopimwa na Waingereza.

Sasa tuingie katika hukumu. Swali la kwanza ni la wakfu. Mtu alijenga nyumba yake Kariakoo, akasema mbele ya mashahidi kwamba kodi ya vyumba viwili iende msikitini daima. Ardhi si yake. Je, wakfu umesihi? Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, amelijibu katika Minhaj, kitabu ambacho kimesomeshwa pwani yetu vizazi na vizazi, na ambacho hata mahakimu wa kikoloni walikitumia kwa tafsiri yake ya Kiingereza ya mwaka 1914. Kauli iliyo sahihi zaidi kwake ni kwamba inajuzu kuweka wakfu jengo au miti iliyo juu ya ardhi iliyokodiwa kwa ajili hiyo. Wenye kuishereheshea Minhaj wakaendelea: jengo likibomolewa na vifaa vyake bado vina manufaa, vitabaki wakfu kama vilivyokuwa. Yasipobaki manufaa, pana njia mbili, ama viwe milki ya aliyewekewa wakfu, ama virudi kwa aliyeweka.

Msomaji atazame ubovu unapoingilia. Dalali anamwendea msimamizi wa wakfu na kumwambia: nyumba ile ni ya udongo, imekwisha, na kiwanja ni cha Serikali, basi wakfu haupo tena. Kauli hii ina sura ya fiqhi lakini imeruka hatua. Nyumba ingali imesimama na inaingiza kodi. Haijafika pale ambapo wanazuoni walikhitilafiana, na haiwezekani mtu aibomoe kwa mkono wake kisha atumie ubomoaji wake kuwa ndiyo hoja. Fauka ya hayo, pale ambapo hati ya kumiliki kiwanja imeandikwa kwa jina la wadhamini wa msikiti waliosajiliwa, manufaa ya kiwanja nayo yamo mikononi mwa wadhamini, na mlango wa kusema kwamba kilichowekwa wakfu ni udongo na makuti tu umekuwa mwembamba sana.

Wakfu wa kizazi, yaani wa kuwawekea watoto na wajukuu, ulipata msiba wake wa peke yake. Baraza la wafalme la London lilikwisha kuubatilisha katika kesi ya India mwaka 1894, likiona kwamba kuwapa watoto si sadaka, ingawa kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, na kwa masahaba zake lilikuwa jambo linalojulikana. Waislamu wa India walipigania sheria ya kuuhuisha, wakaipata mwaka 1913. Huku kwetu kesi iliyotoka Kenya ikaamuliwa vivyo hivyo London mwanzoni mwa miaka ya 1950, na ndipo serikali za hapa zilipolazimika kutunga sheria. Katika miaka hiyo yote mzee aliyetaka nyumba yake isiuzwe alikuwa na njia mbili tu, kuwausia watoto kwa mdomo, au kutegemea aibu. Aibu ilidumu mpaka bei ya kiwanja ilipopanda.

Na bei ilipanda. Nyumba nyingi za vyumba sita zilipona katika sheria ya 1971 iliyotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi, kwa kuwa hazikufikia kiasi hicho. Soko jipya, kazi ya msanifu Beda Amuli, lenye mapaa ya zege yaliyofunuka kama miavuli, lilifunguliwa na Rais Nyerere Desemba 1975, nalo liliungua Julai 2021. Biashara ilipofunguliwa miaka ya 1980, kila baraza likawa fremu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mipango ya mji ikaruhusu maghorofa marefu juu ya viwanja vile vile vilivyopimwa kwa nyumba ya makuti. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 haikuubadilisha msingi wa zamani: ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini wake, na mtu hupata haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Kodi ya chumba cha mjane ikawa haina maana mbele ya kodi ya fremu.

Chukua mfano, nao tumeuchagua kwa wepesi wa hesabu yake. Mtu amefariki, ameacha mke, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu, na nyumba moja ya vyumba sita. Mke ana thumni, fungu moja katika manane. Yamebaki saba: kila mwanamume mawili, kila mwanamke moja, na yameenea bila ya kuvunjika. Lakini vyumba ni sita na mafungu ni manane, na warithi ni sita! Kosa linaloonekana sana ni kila mmoja kuambiwa achukue chumba chake, hesabu imekwisha. Hapo mtoto wa kiume amepunjwa, na mke na mabinti wamepewa zaidi ya haki yao bila ya ridhaa ya wenziwao. Kosa la pili ni baya zaidi na ndilo linaloenea: watoto wa kiume kuzikusanya kodi zote kwa jina la kuiangalia nyumba ya baba. Haki ya mke na mabinti imo katika kila shilingi tangu siku ya kifo, baada ya deni na wasia. Mambo mawili yanasihi: kugawana kodi kwa mafungu yale manane, au kupeana zamu za manufaa kwa kukubaliana, ambayo wanazuoni huiita muhayaa. La tatu ni kuuza.

Mmoja wa warithi akimuuzia mgeni fungu lake, je, wenziwe wana shuf'a, yaani haki ya kulichukua fungu hilo kwa bei ile ile? Hadithi ya Jabir, ambayo Bukhari ameipokea, imeiweka shuf'a katika kitu ambacho hakijagawanywa. Wanafunzi wetu wengi hukimbilia kusema ndiyo. Katika madhehebu ya Shafi jambo halikunyooka hivyo. Shuf'a kwao iko katika ardhi, na jengo huingia kwa kuifuata ardhi. Penye jengo tupu juu ya ardhi ya mwingine, jengo halina cha kukifuata. Tena wamesharutisha kitu kiwe kinagawanyika bila ya kupoteza manufaa yake, ndiyo maana hawakuithibitisha katika hamamu ndogo wala kinu. Ama Imam Malik, yeye aliithibitisha shuf'a katika jengo lililo juu ya ardhi ya wakfu au ya kuazimwa, kwa njia ya istihsani, na imenukuliwa kwamba alikiri kuwa hamjui aliyemtangulia katika hilo. Tunaona kauli ya Malik ndiyo inayolingana na hali ya Kariakoo. Madhara ambayo shuf'a ililetwa kuyazuia, ya mgeni mwenye nguvu kuingia kati ya washirika dhaifu na kuwachosha mpaka wauze, ndiyo hasa yanayotokea pale. Mgeni hununua fungu moja la kijana mwenye madeni, na baada ya miezi michache nyumba nzima iko mkononi mwake. Kwa kuwa kadhi hana nguvu ya kulitekeleza hilo mbele ya sheria ya nchi, warithi wanaweza kujiwekea wenyewe kwa maandishi, siku ya kugawana, kwamba hakuna atakayeuza nje kabla ya kuwauliza wenziwe.

Wengine hawauzi. Wanamkabidhi mjenzi kiwanja, naye hujenga ghorofa kwa mali yake na kuwapa sakafu moja au mbili. Muamala huu unaweza kusihi, lakini uharibifu wake huja kutokana na ujahili wa kinachouzwa: sakafu ipi, eneo kiasi gani, kwa miaka mingapi, nani atalipa kodi ya ardhi, na ikiwa jengo halitamalizika itakuwaje. Bibi wa thumni mara nyingi hatajwi kabisa katika mkataba, kwa kuwa thumni ya sakafu haionekani kwa macho. Na huko juu kuna mas'ala ambayo wanazuoni waliyagusa zamani: chumba kilichojengwa juu ya paa lisilo la shirika hakina shuf'a. Kila ghorofa ya Kariakoo ina mamia ya vyumba vya namna hiyo.

Kuhusu kilemba, ambacho mpangaji wa fremu humtoza anayemrithi, Majmaa ya Fiqhi ya Jeddah ililiamua mwaka 1988. Muda wa ukodishaji ukiwa bado, inajuzu kuchukua badala kwa kuuachia muda uliobaki, kwa kuzingatia mkataba na mwenye mali. Muda ukiwa umekwisha hana haki ya kuuza, kwa kuwa hana kitu.

Limebaki la jirani. Nawawi anasema kila mtu atatumia milki yake kwa mujibu wa ada, na akivuka mpaka atadhamini. Kisha anatoa mifano kama aliyeiona Kariakoo: inajuzu mtu kuigeuza nyumba yake iliyozungukwa na makazi kuwa hamamu au zizi, na kuligeuza duka lake katikati ya wauza nguo kuwa la mhunzi, ikiwa atachukua hadhari na kuziimarisha kuta. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kuifanya nyumba ya vyumba sita kuwa ghorofa la maduka ni haramu kwa sababu tu imewaudhi waliozoea utulivu. Kelele na msongamano ni udhia ambao ada ya soko imeuvumilia. Kivuli cha ghorofa juu ya ua wa jirani nacho madhehebu yetu hayakukizuia. Lakini sharti la kuta limeandikwa.

Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo asubuhi, watu wakiwa madukani. Waliokufa walizidi 25. Iliripotiwa kwamba chini yake palikuwa pakichimbwa ili kuongeza nafasi ya biashara. Mahakama ina kazi yake na sisi hatuhukumu mtu. Hukumu ya kazi yenyewe imo vitabuni: mwenye kuchimba karibu na msingi wa jirani, au chini ya watu aliowapangisha, kinyume cha ada ya mafundi wanaoijua kazi, anadhamini mali iliyoharibika, na diya ya waliokufa hudaiwa. Kibali cha halmashauri hakiondoshi dhamana hiyo, wala ridhaa ya wapangaji waliohitaji fremu haiondoshi.

Katikati ya maghorofa hayo nyumba chache za vyumba sita bado zimesimama, nyingine zikiwa na mabati yaliyoota kutu, ua ukiwa stoo ya mabalo ya nguo. Katika baadhi yake, kodi inayokusanywa kwenye fremu mbili za mbele ingali inagawanywa kila mwezi kwa mafungu ambayo sheikh fulani aliyaandika katika karatasi ya daftari zaidi ya miaka 40 iliyopita, na mwenye thumni, ambaye sasa ni binti wa yule mjane, anaipokea.